Nafasi ya Tofali Moja

Kisigino kilinasa mchana kweupe, mbele ya posta kuu, saa ambayo nusu ya mji inatoka kula na nusu nyingine inarudi kazini. Siku hizo visigino vyembamba ndivyo vilikuwa mtindo, na msichana asiyekuwa navyo alionekana kama amesahau kuvaa kitu. Huyu alikuwa navyo, vyekundu, na gauni la kijivu la kazini lililomkaa sawasawa kiunoni, na mkononi alishika bahasha ya baba yake. Alipiga hatua. Mguu ukaja, kiatu kikabaki.

Alivuta, wapi. Watu walimpita kushoto na kulia, mmoja akampa pole bila kusimama, na yeye akabaki kwa mguu mmoja katikati ya uwanja, amekumbatia bahasha, aibu imempanda mpaka masikioni.

"Usivute, dada. Ukivuta utavunja."

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopauka mabegani kwa jua. Magoti ya suruali yake yalikuwa meupe kwa vumbi la saruji, na kwenye mfuko wa nyuma ilichomoza pima maji fupi ya manjano. Alipiga magoti palepale mbele ya watu, lakini badala ya kukiangalia kiatu, akaanza kuyakagua matofali ya uwanja.

"Unaona nafasi hii? Kidole kizima kinaingia. Na haina hata punje ya mchanga. Aliyepanga hapa alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Kaka, samahani. Kiatu."

"Tena hayakushindiliwa. Sikiliza." Akagonga tofali kwa kidole. "Linacheza."

"Anayecheza hapa ni mimi, na mguu mmoja! Kiatu, tafadhali!"

Kijana akacheka. Akachomeka ncha ya bisibisi kando ya tofali, akalitikisa kidogo, akakivuta kiatu kwa upole wote aliojaliwa. Kiatu kikatoka. Kisigino chenyewe kikabaki ardhini.

"Umekivunja!"

"Si nilikuambia usivute?"

"Aliyevuta ni wewe!"

"Basi tumevunja wote. Tugawane lawama, nusu kwa nusu."

Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. "Wewe ni nani hasa? Mkaguzi wa uwanja?"

"Fundi wa njia. Njia za magari, za miguu, nyua za nyumba. Hapa sikupanga mimi, nakuapia."

Msichana akasahau kiatu. Wiki mbili nzima alikuwa akitafuta fundi wa namna hiyo. Yeye kazi yake ilikuwa kupima macho, katika kliniki ya ghorofa ya pili mtaa wa nyuma ya posta, na mambo ya kokoto na zege hakuyajua hata moja.

"Njia ya mtu aliyepooza upande mmoja, unaweza?"

Kijana naye akaacha mzaha. "Anatumia fimbo au kiti cha magurudumu?"

"Fimbo. Kiti hataki hata kukiona. Ni baba yangu."

"Naweza," alisema fundi, na alivyolitamka neno hilo moja ndivyo msichana alivyoanza kumwamini. Akakichokoa kisigino kutoka kwenye ufa, akakitia mfuko wa shati. "Hiki nitakitengeneza, nitakuletea. Namba yako nikuandike nani?"

Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshabonyeza vitufe vya simu yake: Kisigino. Msichana kuona vile, naye akamlipiza. Akamwandika Pimamaji. Majina hayo mawili yakawakaa kuliko yale waliyopewa na wazazi wao.

* * *

Baba yake Kisigino alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini na moja. Aliijua miji miwili kwa nyayo. Kila alipofika kwenye geti la mtu aligonga mara mbili, akaita, "Barua!" na watoto wakatoka mbio. Kisha mwaka mmoja kabla ya siku ile ya kiatu, upande wa kulia wa mwili wake ulilala na haukuamka vizuri. Ulimi ulirudi. Mguu ulirudi nusu. Kati ya baraza yake na geti lake kulikuwa na mita kumi na tisa za udongo, mashimo na mizizi, na mita hizo zilimshinda.

Mafundi wawili walikuwa wameshakuja kuonana naye. Wa kwanza alisema atatandaza matofali juu ya udongo huohuo na jioni awe amemaliza. Mzee akamwambia aende salama. Wa pili alisifu nyumba, akasifu ua, akasifu hata paka, lakini chini hakuangalia. Mzee akamwambia naye aende salama.

Pimamaji alipofika aliomba ndoo ya maji. Akaimwaga palepale chini ya ngazi ya baraza, akachuchumaa, akayatazama maji yanakokwenda mpaka yakakauka. Dakika kumi nzima zikapita.

"Kijana," mzee aliita, "umekuja kufanya kazi au kuota jua?"

"Maji hufuata mkondo, baba. Mimi nayafuata maji. Nisipoyajua mapema, nitayajua wakati wa masika, na wewe utakuwa umeshanilaani."

Mzee akasogeza kiti mbele. Huyu sasa alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. "Utachimba kina gani?"

"Pa miguu shibiri moja. Pa gari shibiri mbili. Chini kifusi kigumu, kishindiliwe kwa mashine. Juu yake mchanga, kisha tofali. Na kingo za zege pande zote, la sivyo matofali yatatawanyika kama wanafunzi kengele ikilia."

"Mteremko?"

"Mdogo. Maji yauone, fimbo yako isiuone."

Mzee alicheka mpaka bega lake zima likatikisika. Halafu akawa na uso mwingine. "Nisikilize vizuri. Nimefika kwenye mageti ya watu wote wa mji huu, na sasa geti langu mwenyewe silifiki. Mama yake huyu ameshatangulia. Siku binti yangu akiolewa, wa kumsindikiza mpaka pale ni mimi. Kwa miguu yangu, sibebwi. Unanielewa ninachotaka unijengee?"

"Nimekuelewa, baba."

Fundi akaligeukia geti. Akamgeukia na binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na kandambili na kitenge cha nyumbani, mikono imelowa maji ya vyombo. Akajua yuko matatani.

* * *

Kazi ilichukua wiki tatu, na ninavyowakumbuka wale wawili, sidhani kama kuna wiki tatu walizowahi kuzitamani zirudi kuliko hizo. Kisigino alitoka kazini mbio, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye ngazi. Mzee alikuwa barazani akihesabu matofali kwa sauti. Nyundo ya mpira iligonga, mchanga uliolowa ulinukia vizuri, na njia ikasogea kidogo kidogo kuelekea getini, safu baada ya safu, kijivu na nyekundu.

Siku moja Kisigino alileta kadi ya herufi kutoka kliniki, akamsimamisha fundi mwisho wa ua.

"Soma mstari wa chini."

"Siuoni."

"Siuoni kweli au siuoni ya utani? Mwanga upo wa kutosha."

"Kuna mtu mzuri amesimama mbele yake."

"Baba anasikia, wewe!"

"Nasikia," alisema mzee kutoka barazani. "Mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na tano."

Na jioni, kila mmoja akiwa kwake, simu.

"Umekula, Kisigino?"

"Nimekula. Wewe je, au vumbi limekushibisha?"

"Vumbi la kwenu tamu. Nikiondoka hapo nitalikosa."

"Vumbi tu?"

"Unataka nitaje na mengine? Haya. Nitamkosa mzee na hesabu zake. Nitaukosa ule mti wa ndimu. Nitamkosa paka."

"Kata simu."

"Nakupenda," alisema. Hakuwahi kulisema kabla ya hapo.

"Mimi pia," alisema Kisigino. "Lakini kiatu changu hujaleta. Wiki ya tatu hii natembea na mguu mmoja."

"Kisigino chako kina kazi. Utakiona siku yake."

Jumamosi ya mwisho fundi alifagia mchanga kwenye viungo vyote, akapitisha mashine ya kushindilia mara mbili, akaosha zana zake. Kisigino akaja kutazama, akatembea kutoka ngazini mpaka getini akiwa peku, akihisi joto la jua nyayoni. Kando ya nguzo ya kushoto ya geti akasimama. Kulikuwa na nafasi ya tofali moja. Pimamaji alikuwa ameijaza mchanga na kuushindilia kwa ngumi mpaka ukalingana na mengine.

"Mpenzi, umesahau moja."

"Sijasahau."

"Basi malizia."

"Liache hivyohivyo mpaka nirudi. Usiliguse." Alikuwa anatabasamu tabasamu la mtu mwenye siri. "Kesho naenda mbali kidogo, kuna lango la shule nakwenda kulipanga. Sikai sana."

Angeongeza sentensi moja tu hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningekuwa nimeshakunywa chai yangu. Hakuongeza.

* * *

Wiki ya kwanza alipiga simu kila siku. Wiki ya pili simu ikakatika, na Kisigino alipopiga, sauti ya mashine ikamjibu kwamba namba haipatikani. Akapiga asubuhi, akapiga mchana. Akaenda mpaka chumba alichopanga kijana, akakuta kufuli na jirani asiyejua lolote. Masika yalichelewa mwaka ule. Udongo ulikauka, mchanga kwenye ile nafasi ukalegea, na wiki ya tano ikafika.

Asubuhi hiyo mzee alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliinuka kitini, akashuka ngazi, akaanza kutembea peke yake. Njia haikumyumbisha. Fimbo, mguu, mguu. Kisigino alimwona kupitia dirisha la jikoni akiwa ameshakaribia geti, akaweka mwiko chini, machozi ya furaha yakimlenga. Mzee alinyoosha fimbo hatua ya mwisho, fimbo ikatua kwenye mchanga, ikazama, naye akaifuata.

Mkono wake mzima ulivunjika kifundoni, ule wa kushikia fimbo. Ilikuwa miezi minne kabla hajasimama tena.

Waliporudi kutoka hospitali Kisigino hakuvua hata viatu. Alichukua saruji iliyobaki kwenye mfuko, akaikoroga kwenye beseni la kufulia, akaijaza ile nafasi kwa mikono yake, analia na kukandika, anakandika na kulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba, na ukuta ukasimama vilevile.

"Mwanangu," mzee alimwambia, mkono umefungwa, "yule kijana si wa kuacha kazi njiani."

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Yake iliishia getini."

Siku ya tatu mvua ikaanza kunyesha, na haikukatika kwa siku mbili. Kliniki ilifungwa mapema kwa ajili ya mafuriko, na baba na binti wakashinda ndani wamefungulia redio sauti ya juu ili wasisikie bati. Hakuna aliyebisha hodi.

* * *

Ikapita miaka sita.

Visigino vyembamba vilipitwa na wakati. Simu zikawa hazina vitufe. Mhasibu mmoja mpole alikuja kumposa Kisigino, akakaa barazani na soksi zake safi, akajibiwa kwa heshima kwamba hapana. Wa pili hakupewa hata nafasi ya kukaa. Binti hakusema anamngoja nani, na mzee hakuuliza, ila kila asubuhi mzee alitembea mpaka getini, akaligusa, akarudi. Mwanzoni ilimchukua robo saa. Sasa ilimchukua karibu saa nzima, na njiani alipumzika mara tatu. Kisigino alikuwa anajua kusoma saa. Alijua baba yake anajitunzia pumzi za siku moja tu, na kwamba siku hiyo isipofika upesi, miguu haitaingoja.

Njia yenyewe ilikaa. Gari la maji lilipita, lori la samani likapita, na hakuna tofali lililozama wala kuinuka. Kilichoharibika ni kile kiraka cha saruji cha Kisigino tu. Kilipasuka, kikadidimia, na kila ikinyesha kilituamisha dimbwi kando ya geti, palepale ambapo mzee alitaka kukanyaga. Mara nyingi Kisigino alisimama hapo asubuhi akaikumbuka ile sauti ya nyundo ya mpira, akajichukia kwa kuikumbuka, akaenda kazini.

Mwezi mmoja kabla ya masika akaingia kliniki mama wa miaka sitini na ushei. Ovaroli ya kijani iliyopigwa pasi, kilemba cha maua, penseli sikioni.

"Shida ni nini, mama?"

"Niite Shangazi, mwanangu, kila mtu ananiita hivyo. Shida ni kamba. Nikivuta kamba kazini naiona mbili, na zote mbili zimenyooka. Sasa sijui nifuate ipi."

"Kazi gani hiyo ya kamba?"

"Napanga njia. Za magari, za miguu. Mwaka wa thelathini na tano huu."

Kisigino alibadilisha lenzi pole kuliko kawaida. Akajiambia mafundi wa njia wako wengi duniani. "Kwangu kuna kiraka kinatuamisha maji," alisema. "Ukipata nafasi, njoo unipe bei."

"Nitengeneze macho kwanza, nione ninachokipangia bei."

Akaja Jumamosi saa nne asubuhi, miwani mipya puani. Alianza kwenye ngazi ya baraza, akamwamkia mzee, kisha akatembea taratibu, akikanyaga, akigonga kwa kisigino cha buti, akiinama kufuata mstari wa viungo kwa jicho moja. Uso wake ulibadilika kadiri alivyosogea.

"Nani alipanga hapa?"

"Fundi mmoja. Alikimbia kabla hajamaliza."

"Mtu wa kazi hii hakimbii," alisema Shangazi. Akafika kwenye kiraka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na hii saruji, nani aliitia?"

"Mimi."

Shangazi aliketi juu ya ukingo wa njia. "Ni wewe," alisema. "Miaka yote hii, kumbe ni wewe."

"Mimi nani?"

"Sikiliza, mwanangu. Kwangu tofali la mwisho haliwekwi mpaka mvua ya kwanza ipite. Fundi anarudi baada ya mvua, anaona maji yametuama wapi, anarekebisha, ndipo anaweka tofali lake na kufunga kazi. Kila niliyemfundisha anafanya hivyo. Na mwenye nyumba haambiwi."

"Kwa nini haambiwi?" Sauti ya Kisigino ilikuwa imekwenda mbali.

"Ukimwambia, kesho yake anafungulia mpira, anamwagilia njia, anakupigia simu: fundi, mvua imenyesha, njoo umalize! Nimefanyiwa mara nne. Nikaapa sisemi tena."

"Na mwenye nyumba akiiziba mwenyewe?"

"Maana yake hataki fundi arudi kwake. Fundi anachukua tofali lake anaondoka, habishi hodi." Shangazi alitazama mikono yake. "Hiyo sheria niliitunga mimi. Mtoto wa kaka yangu alinijia siku zile za mvua ya kwanza, ameloa chapachapa, tofali kifuani. Nikamuuliza vipi. Akaniambia, wametia saruji. Basi. Akaliweka dirishani, na mpaka leo ukiligusa anakuwa mkali kama nini."

Kutoka barazani ikaja sauti ya mzee, taratibu: "Nilikuambia."

Shangazi alikuwa ameshatoa simu, ameiweka sauti ya nje. Iliita mara mbili. Nyuma ya sauti iliyojibu mashine ya kushindilia ilikuwa inanguruma.

"Shangazi! Miwani inakufaa?"

"Inanifaa mno, naona mpaka ujinga wangu wa zamani. Nenda nyumbani, chukua lile tofali la dirishani, ulilete."

"Lile si la kuuza."

"Nani kakuambia nauza? Kuna nafasi ya tofali moja hapa. Getini, nguzo ya kushoto."

Mashine ikazimwa. Shangazi akaitazama simu kama imekatika.

"Shangazi," sauti ikarudi, ndogo, "uko na nani hapo?"

Kisigino aliichukua ile simu. "Yuko na mimi. Kwa nini hukubisha hodi?"

"Kisigino?"

"Nakuuliza. Nilipiga simu mpaka vidole vikafa ganzi!"

"Simu ilinidumbukia kwenye zege. Mpaka leo iko chini ya lango la ile shule. Namba yako ilikuwa humo, sikuwa nayo kichwani."

"Na kengele? Kengele ya geti nayo ilidumbukia kwenye zege?"

Angejibu nini? Mwanamume mzima, amesafiri siku nzima, kila basi likifika kule shuleni anamuuliza dereva kama mjini kumenyesha, amesimama nje ya geti anasikia redio ya mpenzi wake, kidole anacho, kengele ipo, na akaondoka kwa sababu ya sheria ya shangazi yake. Na yeye binti, mjini humohumo miaka sita, hakupita hata karakana moja ya matofali kuuliza. Ningewachapa wote wawili.

"Nakuja," alisema Pimamaji.

* * *

Alikuja alasiri, shati lilelile la kazi, mvi mbili tatu pembeni mwa kichwa. Alibeba tofali limefungwa kwenye kitambaa. Kisigino alikuwa amesimama getini, ameshaapa atamgombeza mpaka jua lizame. Alimwangalia, na akasahau alikopanga kuanzia.

"Hukuniambia," alisema tu.

"Nilitaka kukushangaza."

"Baba alianguka hapa. Kwenye mchanga wako. Akavunjika mkono. Unadhani niliziba kwa nini?"

Hilo hakulijua. Kisigino aliliona likimwingia, na hasira ya miaka sita ikamlegea, maana hakuna aigizaye maumivu namna ile. Pimamaji alimpita, akaifuata njia mpaka barazani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Nisamehe, baba. Nilipaswa kuweka kipande cha mbao. Mchanga haukutosha."

Mzee aliweka mkono ule uliounga vibaya juu ya kichwa chake. "Siku ile nilitembea mita kumi na nane na nusu peke yangu, juu ya kazi yako. Bado nusu mita hujanipa. Inuka ukaniwekee."

Patasi na nyundo alipewa Kisigino. "Aliyeziba ndiye azibue," alisema Shangazi. Akagonga, vipande vikaruka, na kila pigo lilimtoa kitu kifuani. Pimamaji alisafisha shimo, akalisawazisha kwa mchanga mpya, akafungua kitambaa.

Juu lilikuwa tofali kama mengine. Akaligeuza. Kwenye uso wa chini, katikati, kulikuwa na alama ndogo ya mviringo iliyozama, na ndani yake kipande chekundu kimegandia.

"Kisigino changu!"

"Nilikikandamiza kwenye zege bichi wiki ileile tuliyokutana. Juu watapita watu wote. Chini ni petu." Akafuta mchanga mikononi. "Nilikuwa nimepanga kukuuliza siku ya mvua. Ndiyo maana sikusema. Nikuoe?"

Kisigino alilichukua lile tofali, akalipapasa. Halafu akamrudishia, akaondoka. Pimamaji akabaki amechuchumaa na mdomo wazi. Shangazi akakunja uso. Kutoka upande wa jikoni likasikika bomba, na Kisigino akarudi anaburuta mpira wa kumwagilia, maji yanaruka, gauni limelowa mpaka magotini. Alimwagilia njia nzima kuanzia ngazini, na maji yakateleza pembeni, yakaufuata mteremko wake, hayakutuama mahali popote.

"Mvua imenyesha," alisema, analia na kucheka. "Njoo umalize kazi. Na ndiyo."

"Mara ya tano hii!" alipiga kelele Shangazi, lakini naye alikuwa amevua miwani anajifuta macho.

Nyundo ya mpira iligonga mara tatu. Tofali likakaa.

Harusi ilikuwa miezi miwili baadaye. Gari lililopambwa lilisubiri nje ya geti, dereva akazima injini, kisha akashuka kabisa akaegemea mlango, maana baba na binti walikuwa wamechukua dakika hamsini tangu barazani. Binti alivaa gauni jeupe na viatu vyekundu vya visigino vyembamba, vya mtindo uliokwisha zamani, na mkono wake ulikuwa chini ya kiwiko cha mzee bila kumshika. Mara nne walipumzika. Hakuna aliyewaharakisha. Pimamaji alisimama upande wa pili wa geti ndani ya suti iliyombana mabega.

Hatua ya mwisho mzee alinyoosha fimbo, akaitua kando ya nguzo ya kushoto. Haikuzama. Akavuta pumzi, akajinyoosha mgongo, akagonga tofali mara mbili.

"Barua!" akaita.